Lebo ya chupa ya klorini iliyohamishwa
Kuandika "dawa" tu kwenye chupa uliyojazia klorini kutoka kwenye dumu hakutoshi. Andika jina kamili (sodiamu haipokloraiti), nguvu yake kwa asilimia na tarehe ya kujaza, kisha nakili maonyo na michoro ya almasi yenye ukingo mwekundu kama ilivyo kwenye dumu. Ongeza kwa herufi kubwa: USICHANGANYE NA ASIDI WALA DAWA YA CHOO. Hapo ndipo gesi ya klorini hutoka. Klorini hufuta wino wa maka peni, kwa hiyo funika lebo yote kwa selotepu. Chupa ya soda? Hapana, hata ukibandika lebo kumi. Mtoto mdogo hasomi. Ukizimua ya asilimia 3.5 iwe 0.5 (kipimo 1, maji 6), weka lebo mpya. Mchanganyiko huo ni wa siku moja tu.