Udongo umelowa, mbona nyanya zinanyauka?

SWALI: Bwana shamba, habari za kazi. Nina nyanya robo eka huku Dumila, ndiyo kwanza zinaweka matunda. Saa sita mchana zilikuwa zinalegea kama zimemwagiwa maji ya moto, jioni zinainuka. Sasa miche kama kumi haiinuki tena, na majani bado ni ya kijani. Namwagilia kwa mifereji kila siku na juzi nimetia urea. Niongeze maji?

JIBU: Usiongeze, ndugu yangu. Maji unayo, ila hayapandi.

Mmea hauna moyo wa kusukuma maji. Jani likipigwa jua hupoteza mvuke kupitia vitundu vyake, stomata, na maji yanayotoka huyavuta yaliyo nyuma yake, kwa kuwa yameshikana kama uzi mmoja hadi mizizini. Njia yenyewe ni zailemu, mirija myembamba ya seli zilizokwisha kufa. Kilimanjaro kuna mti, mkukusu, uliopimwa urefu wa mita 81.5, na maji yanafika kileleni mwake. Pampu yako ya mtoni haiwezi kunyonya kutoka kina cha hata mita 11. Urea nayo hupanda kwa mirija hiyohiyo, ikiwa imeyeyuka. Mrija ukiziba, mbolea yako inabaki chini.

Sukari ina njia yake, floemu, iliyo upande wa gome. Mbuzi akimenya gome la mwembe kuuzunguka shina, majani hukaa mabichi kwa wiki kadhaa huku mizizi ikifa njaa taratibu. Nyanya inayolegea ghafla ingali kijani tatizo lake ni la zailemu.

Nadhani ni mnyauko bakteria. Bakteria huyo, Ralstonia solanacearum, huingia kwenye vidonda vya mizizi, vya jembe au vya minyoo fundo, wale wadogo wa udongoni wanaovimbisha mizizi, akazaliana ndani ya mirija na kuijaza ute. Mwanzoni mmea huinuka jioni kwa sababu usiku majani hayadai maji mengi, na mirija michache iliyobaki inatosha.

Lakini usiniamini kwa maneno. Ng'oa mche mmoja unaoanza kulegea, kata kipande cha shina karibu na ardhi, urefu wa kidole, kining'inize kwenye glasi ya maji safi, ncha ya chini izame kidogo. Usitikise. Ukiona ndani ya dakika chache nyuzi nyeupe zikishuka kama moshi wa maziwa, ndiye huyo. Zisipoonekana, na majani ya chini yalianza kwa njano, pengine upande mmoja, mshuku fusari, ambaye ni kuvu.

Akiwa ni bakteria, hakuna dawa ya kupulizia itakayouponya mche. Muuza duka akikupa chupa, mrudishie. Ng'oa iliyougua pamoja na udongo wa mizizini, choma, usitupe kwenye mboji. Osha jembe na viatu kabla ya kwenda kwa mizima. Msimu ujao weka mahindi hapo, wala si bilinganya, pilipili au viazi mviringo, maana wote ni ndugu wa nyanya.

Na hiyo mifereji: maji yakipita kwenye mche mgonjwa humbeba bakteria hadi wa chini yake. Funga leo mistari yenye ugonjwa, iliyobaki imwagilie kwa ndoo.