Usimimine silikoni juu ya udongo huo kabla ya kuujaribu

Usimimine. Umeandika kwamba sura ya binamu yako umekwisha kuichukua kwa algineti, ule uji wa madaktari wa meno wa kuchukulia umbo la meno, kwamba juu ya nakala ya plasta umefinyanga uso wa mzee kwa udongo wa mafuta ulionunua mjini, na kwamba Jumamosi utamwaga juu yake silikoni ya platinamu, yaani mpira wa majimaji unaogandishwa kwa platinamu, ili upate kalibu ya sura bandia ya kumbandika mwigizaji. Kisha ukauliza kingo za sura hiyo ziwe nyembamba kiasi gani, vitundu vya ngozi vinachorwaje, na ni gundi ipi isiyomwasha mwigizaji. Salfa hukuitaja hata mara moja, na ndiyo maana nimeacha chai yangu ipoe.

Udongo wa mafuta wa wachongaji mara nyingi huwa na salfa, ile ile iliyomo katika vichwa vya kiberiti. Silikoni ya aina yako hugandishwa na platinamu kidogo mno, na salfa huikamata platinamu hiyo na kuinyima kazi, hivi kwamba sehemu inayogusana na udongo haigandi leo wala kesho, wala ukiiwekea jiko la makaa pembeni. Hilo la jiko nimelifanya, msinicheke.

Mzee wangu nilimfinyanga kwa majuma 3, usiku baada ya kazi, katika chumba kimoja pale Umoja, na makunyanzi ya paji lake yalinipendeza kuliko kitu chochote nilichowahi kukifanya kwa mikono hii. Silikoni niliiagiza kutoka nje kwa shilingi 14,000, fedha ambazo mke wangu aliamini ni za friji. Nilipima sehemu zake mbili za kuchanganya, A na B, kwa mizani, nikakoroga kwa mwiko wa ugali, nikamimina taratibu kama uzi ili viputo vipasuke, nikalala kama sultani. Asubuhi upande wa juu ulikuwa mpira safi kabisa. Nilipoubandua, upande wa ndani, ule uliopaswa kubeba makunyanzi, ulikuwa ute mtupu kama mlenda, na ute huo ulikuwa umejaa katika kila mstari wa uso. Nilipojaribu kuufuta kwa kitambaa, nikaifuta na pua. Silikoni ikaenda, sanamu ikaenda, na mwiko nadaiwa hadi leo.

Na si kwamba sikuuliza! Nilimwuliza muuzaji kabla ya kulipa kama udongo wake una salfa, naye akanitazama kama mtu aliyeuliza umri wa ugali, akasema, “Udongo ni udongo, bosi.” Ningemsamehe huyo kuliko yule mwalimu wa video niliyemfuata, ambaye alimimina juu ya udongo wa namna hiyo hiyo bila tatizo lolote kwa sababu silikoni yake ilikuwa ya kugandishwa kwa bati, isiyosumbuliwa na salfa lakini isiyofaa kukaa kwenye ngozi ya mtu, na katika muda wote ule wa kuisifu kamera yake hakupata nafasi ya kulisema hilo.

Nilidhani nitaihadaa salfa kwa vanishi ya kupuliza, tabaka 3. Ute ulirudi pale pale vanishi isipofika vizuri, yaani ndani ya makunyanzi. Baadaye nikapata udongo usio na salfa, ule wa kampuni ya Chavant wenye herufi NSP, na bado madoa ya ute yakatokea, yana umbo la vidole vyangu. Zilikuwa glavu za mpira. Mpira nao hukomazwa kwa salfa, kwa hiyo vaa za vinili tangu unapofinyanga.

Basi fanya hivi. Koroga gramu 10 za silikoni, uzipake juu ya kipande cha udongo huo huo uliofinyangia, kwa kikombe na glavu zile zile utakazozitumia Jumamosi, usubiri muda wote ulioandikwa kwenye chupa, kisha ubandue na kuugusa upande wa chini. Ukifungua pakiti nyingine ya udongo, jaribu tena. Kuunusa udongo hakutoshi.

Ikiwa jaribio litashindwa na onyesho liko karibu, tengeneza kalibu ya plasta, kwa maana plasta haijali salfa, kisha umimine lateksi, yaani utomvu wa mpira, ndani yake, tabaka kwa tabaka. Ila kalibu hiyo usiitumie kwa silikoni ya platinamu baadaye, kwa sababu mabaki ya udongo hujificha ndani yake.

Kingo ziwe nyembamba kadiri udongo unavyokubali. Hayo mengine watakujibu wenzangu. Ijumaa jioni tuwekee hapa picha ya upande wa chini wa kipande chako cha jaribio. Wa juu usituonyeshe, hata wangu ulikuwa mzuri.