Diski ya tera ngapi? Kwanza niambie itafanya kazi gani

Vijana wanaopita ofisini kwetu Ngamiani, Tanga, kuulizia mashine ya kufanyia mosheni (michoro inayotembea kwenye video) huanza na swali hilohilo: ninunue diski ya tera ngapi? Mimi huwarudishia swali. Tera zinaweza kusubiri. Kinachoikwamisha After Effects, programu ya kutengenezea mosheni, ni kuilazimisha diski moja ifungue programu, isome klipu za kamera, iandike kache (akiba ya muda ya fremu) na ipokee kazi inayorendiwa, yaani inayotolewa kuwa video, yote kwa mkupuo.

Tupige hesabu kidogo, maana bila hesabu ni ubishi wa kijiweni. Fremu moja (picha moja ya video) ya HD, yaani pikseli 1920 kwa 1080, ikiwa na rangi za biti 8 pamoja na alfa (uwazi wa picha) na haijabanwa, ina kama MB 8.3. Ukifanya kazi kwa fremu 25 kwa sekunde, kila sekunde inakula MB 207 hivi. Hard disk nyingi, zile za kuzunguka, hucheza kati ya MB 100 na 200 kwa sekunde, kwa hiyo hapo tayari zinapumua kwa shida. SSD, diski isiyozunguka, ikiwa ya aina ya SATA hufika MB 550 hivi, inakutosha. Ukihamia 4K hesabu inaruka mara nne, MB 830 kwa sekunde, na SATA nayo inabaki nyuma. Hapo ndipo NVMe, SSD ya kasi zaidi, inapostahili pesa yako. Lakini klipu ya MP4 iliyotoka kwenye kamera au simu imebanwa sana, haihitaji kasi yote hiyo. Inayoteseka nayo ni prosesa. Ndiyo maana sioni haja ya kuweka video za harusi nzima kwenye diski ya bei mbaya.

Diski ya kasi ipe kache. After Effects ikishamaliza kurenda fremu huihifadhi kwenye kache, ili ukirudi kwenye sekunde ileile isianze upya. Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya kache ya diski, elekeza folda kwenye SSD ambayo haina Windows, kisha iwekee kikomo cha GB. SSD ya GB 250 au 500 inatosha kabisa, na ikifa hujapoteza kazi ya mteja hata moja, umepoteza muda wa kurenda tena. Usiijaze, lakini. SSD nyingi za bei nafuu huandika haraka mwanzoni, kisha kasi inaporomoka, na zikikaribia kujaa ndiyo kabisa. Mimi huacha sehemu moja ya tano wazi.

Kuna wanaochukua diski moja na kuikata C, D na E wakidhani wamepanga. Hiyo ni nyumba ya vyumba vitatu yenye mlango mmoja. Foleni iko palepale. Kama una diski moja tu, tengeneza folda nzuri uendelee na maisha.

Wenye laptop wasio na nafasi ya pili ndani watumie SSD ya nje, ila waangalie tundu wanalochomeka. USB 2.0 haivuki MB 40 hivi kwa sekunde, hata ukichomeka diski ya dhahabu.

Halafu herufi. Diski ya nje leo inaitwa E, kesho umetangulia kuchomeka flashi, inakuwa F. Unafungua projekti saa mbili asubuhi, mteja amekaa nyuma yako, na badala ya nembo yake yanatokea mapau ya rangi, alama ya After Effects kwamba faili halionekani. Fungua Disk Management ya Windows uipe kila diski herufi ya kudumu, iwe mbali na zile za mwanzo. Kwetu kazi ni R, kache ni T, na kila kompyuta ya ofisi inafuata hivyohivyo.

Umeme nao uuhesabu. Kazi ndefu irende kama mfululizo wa picha za PNG. Ukikatika katikati, fremu zilizokwisha toka zipo, unaendelea ulipoishia. MP4 iliyokatizwa mara nyingi haifunguki kabisa, kwa sababu faharasa yake huandikwa mwishoni.

Kazi ya Dar ikiwa nzito kuliko bando, tunaituma kwa basi kutoka stendi ya Kange. Kabla ya hapo tumia Collect Files, amri ya After Effects ya kukusanya faili za projekti pamoja, ili fonti zisipokuja, angalau klipu na picha zote zije. Diski iwe exFAT: inasomeka kwenye Mac na Windows, wakati FAT32 inakataa faili lolote linalovuka GB 4. Na nakala ibaki Tanga kabla gari halijaondoka, siyo baada ya kupigiwa simu kwamba mzigo hauonekani.

Kwenye kuhifadhi ndipo zile tera zinapopata kazi. Nunua hard disk za kuzunguka, mbili, zenye vitu vilevile, moja ofisini na nyingine nyumbani. Usitunze kazi za zamani kwenye SSD iliyofungiwa kabatini miaka, kwani ikikaa muda mrefu bila umeme inaweza kupoteza data. Na kwa hewa hii ya chumvi, hasa mkiwa upande wa Raskazone, zitieni kwenye kopo linalofunga pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu.

Mfuko ukiwa mdogo, nunua kwa mpangilio huu: SSD ya Windows kwanza, kisha diski ya nakala, halafu SSD ya kache baadaye. Najua kache ndiyo inayoonekana tamu.