Nota zikipeperuka katikati ya wimbo

Tulikuwa tunapiga nje, jukwaa halina ukuta nyuma, na upepo ulikuwa ukichezacheza tangu asubuhi. Katikati ya wimbo wa tatu ukaja kwa nguvu, ukanyanyua ukurasa wangu wa pili kutoka kwenye stendi na kuupitisha juu ya vichwa vya wapiga tromboni. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye klarineti. Nikaacha kupiga, nikaufuata ule ukurasa kwa macho mpaka ulipotua.

Hapo ndipo nilipokosea. Nota zenyewe nilizijua. Wimbo ule tuliufanyia mazoezi wiki nyingi, na nusu yake ningeweza kuipiga gizani. Lakini niliporudisha macho kwa mwongozaji, sikujua tena tuko kipimo cha ngapi. (Kipimo ni kile kisehemu kilicho kati ya mistari miwili ya wima, wengine hukiita baa.) Na mpigaji asiyejua yuko kipimo cha ngapi hawezi kupiga hata zile nota anazozijua.

Tangu hapo nimepatwa na mengine mengi kwenye bendi ya ala za kupuliza. Nimegawiwa nota za ala nyingine dakika chache kabla ya kuanza. Nimewahi kukuta ukurasa wa tatu umebanwa kabla ya wa pili. Nimeketi kwenye kiti cha mwenzangu aliyeugua na kupiga nyimbo ambazo sikuwahi kuziona. Kila mara kilichoniokoa ni kitu kilekile: kushika hesabu kwanza, nota baadaye. Nota ukiikosa, imepita, na walio wengi hawataisikia. Hesabu ukiipoteza, unapoteza kila kitu kinachofuata.

Kuhesabu kwenyewe kuna namna yake, na naona ajabu kwamba wengi hatufundishwi mapema. Wimbo ukiwa wa mapigo manne, usihesabu moja-mbili-tatu-nne tupu, ukirudia vilevile. Anza kila kipimo kwa namba yake: *moja*-mbili-tatu-nne, *mbili*-mbili-tatu-nne, *tatu*-mbili-tatu-nne. Ukiwa na vipimo ishirini vya kimya, hutalazimika kujiuliza umefika wapi. Mimi huongeza kidole cha mguu ndani ya kiatu, kinachopiga polepole pasipo kuonekana na hadhira.

Halafu weka alama njiani. Nikiwa na kimya kirefu, huandika kwa penseli juu ya mstari kile ninachokisikia karibu na mahali pangu pa kuingia: "tarumbeta zinapanda", "ngoma kubwa peke yake", "saksafoni wanashikilia". Hata hesabu ikiponyoka, sikio litanirudisha. Vilevile zijue zile herufi kubwa zilizochapwa juu ya mistari, A, B, C na kuendelea, ambazo mwongozaji huzitumia kwenye mazoezi. Ukipotea kabisa, usijaribu kutafuta kipimo kilekile ulichokiacha. Nenda kwenye herufi inayofuata, usubiri hapo, bendi ije ikukute.

Sasa tuje kwenye kusoma nota papo kwa papo, maana hiyo ndiyo hofu kubwa ya wapigaji wengi ninaokutana nao.

Ukipewa karatasi ngeni na dakika moja tu, usiitumie dakika hiyo kujaribu nota za mwanzo. Mwanzo utajitetea wenyewe. Tafuta kwanza njia ya wimbo: wapi unarudia, kuna Da Capo inayokurudisha mwanzo au Dal Segno inayokurudisha kwenye alama, koda (kipande cha kumalizia) iko wapi, na utarukia huko kutoka wapi. Nimeona bendi nzuri zikisambaratika kwenye koda, si kwa sababu ya ugumu wa nota, bali kwa kuwa nusu ya watu walirudia na nusu wakaruka. Ukishaijua njia, tazama shapu na flati (alama za kupandisha au kushusha nota kwa nusu toni) zilizo mwanzoni mwa mstari na kama zinabadilika katikati. Tazama alama ya mapigo, kama wimbo unaanza kwa mapigo manne na kugeuka kuwa wa mapigo matatu. Mwisho kabisa tafuta kile kipande cheusi, chenye nota nyingi zilizobanana, ukipige kwa vidole bila kupuliza, mara moja au mbili.

Mkianza, macho yatangulie. Mwaka 1974 mwanasaikolojia John Sloboda alichapisha jaribio ambalo huwa nawasimulia wanafunzi wangu. Aliwapa wapigaji nota za kusoma, kisha akaziondoa ghafla mbele ya macho yao, apate kujua wangeendelea kupiga sahihi mpaka wapi. Wasomaji wazuri waliweza kuendelea hadi nota saba hivi, kwa kuwa macho yao yalikuwa yameshafika huko. Tena akaona kwamba umbali huo hufuata sentensi za muziki. Jicho la msomaji hodari hupenda kufika mpaka mwisho wa sentensi. Anasoma maneno, hasomi herufi mojamoja.

Ufundi huo hujengwa. Mwombe mtu akae kando yako na kadi ya karatasi ngumu, awe anafunika kipimo unachokipiga mara tu unapokianza, ili macho yako yalazimike kusonga mbele. Mwanzoni utakasirika. Baada ya wiki mbili tatu utaona tofauti. Ukiwa peke yako, chagua nota zilizo rahisi kuliko uwezo wako, washa metronomu (kifaa cha kugonga mapigo) kwa mwendo wa taratibu, zipige mara moja tu mpaka mwisho, kisha ziweke kando. Usirudie. Ukishairudia si ngeni tena, umeshaingia kwenye mazoezi ya kawaida. Dakika kumi kila siku zinatosha.

Na kanuni moja usiivunje, nyumbani wala jukwaani: usirudi nyuma kusahihisha. Mkono una tabia hiyo kwa sababu ukiwa peke yako hurudi kila unapokosea. Kwenye bendi, sekunde unayoitumia kurekebisha nota iliyokwisha kupita inakunyima nota mbili zinazokuja. Mambo yakizidi, punguza: piga nota ya pigo la kwanza la kila kipimo tu, ziache nyingine. Ukipata pumzi ongeza la tatu. Mwenzako atasikia upo, na wewe utakuwa bado umeshika uzi.

Kuhusu nota za ala nyingine, hapa kuna hesabu ndogo itakayokufaa. Klarineti na tarumbeta za kawaida ni za Bi-flati: tukipiga C yetu, inasikika Bi-flati. Kwa hiyo ukiwa na ala hizo ukapewa nota za fluti au za obo, kila nota ipande toni moja nzima, na uongeze shapu mbili. Karatasi ikiwa na flati mbili, kama nyimbo nyingi za bendi zilivyo, hizo mbili zinafutana na wewe unapiga bila shapu wala flati yoyote. Wapigaji wa saksafoni alto wana bahati zaidi: wakipewa nota za tromboni zilizo kwenye ufunguo wa F (wa nota za chini), wazisome kana kwamba zimeandikwa kwenye ufunguo wa G (wa nota za juu) na waongeze shapu tatu. Itatoka oktavu moja juu, lakini itakuwa sahihi. Nota zilizowekwa shapu au flati katikati ya wimbo zinahitaji kufikiriwa mojamoja, kwa hiyo zizungushie penseli mapema.

Piano nayo ina kisa chake, na nimekitazama kwenye video mara nyingi. Mpiga piano Maria João Pires aliketi kupiga na okestra mjini Amsterdam, mbele ya watu, Riccardo Chailly akiongoza. Okestra ikaanza koncheto (muziki wa piano na okestra) ya Mozart ya D-maina, namba 20, ilhali yeye alijiandaa kwa nyingine. Uso wake ulionyesha maumivu ya kweli. Chailly hakuisimamisha okestra. Aliendelea kuongoza huku akizungumza naye, akimtia moyo, na kwa kuwa okestra hupiga utangulizi mrefu kabla ya piano kuingia, Pires akapata muda wa kujikusanya. Akaingia mahali pake, akaupiga muziki ule kwa kumbukumbu. Alikuwa amewahi kuupiga, ndiyo, lakini mimi huwa namtazama Chailly zaidi. Mapigo hayakukatika, na sauti yake ilibaki ya upole.

Upole huo nautetea kwa moyo wote. Nimewahi kuketi kwenye bendi ambayo kijana aliyesahau folda yake alifokewa mbele ya wote, dakika tano kabla ya kupanda jukwaani. Tulipanda na mpigaji anayetetemeka, bado hana nota. Kufoka kule hakukumpa hata ukurasa mmoja. Kilichohitajika ni mtu wa kusogeza stendi ili wasome wawili, na kumwambia kwa sauti ya chini wapi pana hatari. Ukiona mwenzako amepotea, mtajie herufi mnapoifikia, au mwonyeshe mahali kwa kidole kwenye karatasi yako wakati wa kimya chako.

Kinga nazo zipo. Kurasa zibandike kwa gundi ya utepe, zifunguke kama ubao mmoja. Ziandike namba kubwa pembeni. Hesabu kurasa nyumbani, tena ukishafika. Anayetumia tableti aichaji usiku, azime ujumbe unaoingia, na abebe nakala ya karatasi. Penseli mbili, kamwe si kalamu. Na vibanio vya nguo, hata kama mnapiga ndani, kwa sababu feni na milango navyo vina upepo wake.

Siku ile ya ukurasa wangu, aliyenirudisha ni mpigaji wa klarineti ya pili. Alikuwa na vipimo vinne vya kimya. Akaishusha ala yake, akanigusa goti, akasema "E inakuja", kisha akasogeza stendi yake kidogo upande wangu. Sehemu zetu hazikuwa sawa, lakini vipimo vilikuwa vilevile. Nikahesabu pamoja naye, nikaingia kwenye E.

Siku hizi nabeba vibanio vinne: viwili vyangu, na viwili vya yeyote atakayeketi kando yangu.