Kwa mlioanza saiti Mwanza: upepo wa ziwa chukueni, jua lake kataeni

Wadogo zangu mliotoka chuo juzi mkaanza kuchora nyumba huku Mwanza, hili mi nimelijua kwa kuumia. Sehemu kubwa ya mji ziwa liko magharibi, na mchana upepo unatoka ziwani kuja huku kwa sababu nchi kavu inapata moto haraka kuliko maji, usiku unageuka. Sasa jua la jioni nalo linakuja upande huohuo, na hapo ndo kazi yote ilipo.

Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa Nyegezi, mteja anataka sebule ione ziwa, nikampigia kioo kipana magharibi, aluminiamu ya kuslaidi, na paa la kuficha, lile ambalo bati linajificha nyuma ya ukuta halitoki nje, maana ndo watu walikuwa wanalitaka. Wamehamia, nikapita kusalimia saa kumi na moja jioni, nakuta mapazia yamefungwa yote, feni iko spidi ya mwisho, mama mwenye nyumba kahamishia kiti uani. Nikashika mkono wa kochi karibu na dirisha, wa moto kama sufuria. Na ziwa lenyewe halionekani. Iliniuma sana.

Dirisha la kuslaidi linafunguka nusu tu, na hata hiyo nusu upepo haukuingia kwa sababu upande wa pili niliweka stoo na choo, hewa haina pa kutokea. Chumba kikiwa na tundu moja upepo unapita nje tu, kwa hiyo dirisha la ziwani lazima lipate mwenzake mashariki, na milango ya katikati iwe na matundu juu.

Kaskazini na kusini msihangaike sana. Tuko nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta, mchana jua liko juu, bati likitoka nje ya ukuta sentimita 60 basi hata Juni jua likielemea kaskazini, kivuli cha mchana kinashuka kama mita 1.2 chini ya ukingo wa bati. Magharibi ujanja huo haufui dafu, jua linakuja limelala linapita chini ya bati, kule ni baraza pana, tofali za matundu, na mwembe kama kiwanja kinaruhusu.

Bati nalo, chagueni rangi nyepesi, maruni inavuta joto, halafu acheni hewa ipite kati ya bati na dari, matundu yawekewe wavu maana wadudu wa ziwani mnawajua. Na kama kiwanjani kuna jiwe kubwa, likipigwa jua mchana kutwa linatoa joto mpaka usiku, msielekeze dirisha la chumba cha kulala kwake.

Kabla hujashika kalamu nenda kiwanjani saa tisa mchana na kijiti kimefungwa uzi, kichomeke, kaa mpaka jua lizame, andika uzi unaelekea wapi na kivuli kinafika wapi.