Uliza Fundi: "Dogo la heshima" ni bango la saizi gani?

Mwezi huu barua za Kusini zimekuwa nyingi kuliko kawaida, na karibia zote zinazungumzia kitu kimoja, nyumba za zamani na biashara zilizomo ndani yake. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana ndo imebeba ishu yenyewe, wengine mnivumilie.

Shikamoo Fundi. Nina fremu Mikindani, barabara kubwa inayopita pwani, nyumba ya babu yake mume wangu, ya mawe ya zamani, chini fremu mbili juu roshani ya mbao. Nauza vifaa vya simu na ni wakala wa kutoa na kuweka hela. Nikachapisha fleksi kubwa nikaifunga kwenye roshani kutoka kona mpaka kona ili watu wa kwenye daladala waione. Haijamaliza mwezi akaja mtu akajitambulisha ni afisa, akasema shusha, huu mji wa kihistoria, bango lako linaharibu sura. Nikamuuliza sasa niweke la ukubwa gani, akasema weka dogo la heshima. Dogo la heshima ndo nini? Na jirani yangu wa mbele kapaka nyumba nzima nyekundu mpaka ukuta wa pembeni na hajaguswa. Hela ya fleksi nilikopa kwenye kikoba Fundi, naumia. (Mama Fremu, Mikindani)

Marahaba mama, na pole na deni la kikoba, hilo halisubiri mtu.

Kabla hujashusha na kabla hujagoma, ulizia kwanza huyo bwana katoka ofisi ipi, maana hapo ulipo una ofisi tatu juu ya ukuta mmoja na kila moja ina lake. Hiyo barabara ya kutoka Lindi kuja Mtwara ni barabara kuu, iko chini ya TANROADS, wakala wa serikali wa barabara kuu, na Sheria ya Barabara ya 2007 inaipa hifadhi ya mita 30 kila upande ukipima kutoka katikati ya lami. Ukipima hivyo Mikindani utajikuta umeingia mpaka sebuleni kwa watu, yani nyumba zilishakuwepo hapo kabla hata gari halijajulikana, lakini nyumba kuwepo ni jambo moja na wewe kuchimbia nguzo mpya ya bango mbele ya baraza ni jambo jingine, hiyo nguzo watakuja kuing'oa. Ukiwa vichochoro vya ndani huko unaongea na TARURA, wakala wa barabara za mitaa na vijiji. Alafu kuna Manispaa ya Mtwara-Mikindani, hao ndo wa ada ya bango na kibali cha ujenzi, na Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inawapa nguvu ya kulinda majengo yenye thamani ya historia au usanifu. Hapa wengi wanateleza. Mtu kalipa ada kapewa risiti anadhani kamaliza, kumbe risiti inasema umelipa, haisemi kwamba bango limekubaliwa lilivyo na lilipo. Ni karatasi mbili tofauti, daini zote mbili.

Wa tatu ni Idara ya Mambo ya Kale, wako chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Sheria yao ni ya 1964, ikarekebishwa 1979, na ina tarehe moja ambayo watu wa miji ya pwani tungetakiwa tuijue kwa kichwa: jengo lililojengwa kabla ya 1863 linalindwa kwa umri wake tu. Lililojengwa baada ya hapo mpaka litangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Sasa chukua Boma la Mikindani lenyewe, ambalo kila mgeni anapanda kulipiga picha, Wajerumani walilijenga 1895, yani kwa umri peke yake halifikii hiyo tarehe, limechelewa miaka 32. Nyumba ya babu yenu inawezekana ni ya enzi hizohizo za Boma. Kwahiyo mtu akikwambia "huu mji wa kihistoria" muulize kwa adabu kabisa, tangazo la serikali namba ngapi, la mwaka gani, na je nyumba yangu imo kwenye mipaka yake? Usimuulize kwa kumkomoa. Kama lipo atakuonyesha, na utakuwa umejua unasimamia wapi. Kama halipo basi anayekuhusu ni manispaa kwa sheria ya mipango miji, ambayo nayo sio ya kuichezea.

Nije kwenye hilo la dogo la heshima. Mi kiukweli sina ugomvi na anayesema fleksi yako ishuke, na nikueleze bila kukupamba, hilo bango ungenionyesha mimi ningekwambia ushushe. Ugomvi wangu ni na kipimo kinachokaa mdomoni mwa mtu. Leo yupo huyu anapenda dogo, mwakani anahamishwa Nanyumbu anakuja mwingine anapenda la chuma, keshokutwa mwingine anataka la mbao, na wewe kila mara unarudi kikoba. Zanzibar pale Mji Mkongwe, ambao uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, kuna mamlaka kabisa ya kusimamia mji, unajua mlango wa kugonga ni upi. Na kule Marekani, mji wa Charleston, South Carolina, waliweka sheria 1931 na bodi ya kukagua sura za majengo, miji mingine mingi ya kwao ikaiga. Kinachonifurahisha kwenye utaratibu wa Charleston ni kwamba bodi inaangalia nje tu, kile mtu anachokiona akiwa barabarani. Ndani kwako weka jikoni unapotaka, paka chumba rangi ya embe, hawahusiki. Nje ndo wanauliza urefu, umbo, vifaa vya kujengea, bango linakaa wapi. Na unapeleka mchoro KABLA hujajenga, wanakujibu kwenye kikao ambacho hata jirani anaruhusiwa kuhudhuria. Kuna watu wa kule wanaichukia hiyo bodi sana, wanasema inachelewesha mambo na inabana, na sehemu ni kweli. Lakini angalau unabishana na maandishi.

Sisi hatuhitaji bodi ya kifahari. Karatasi moja ya pande mbili ingetosha, imebandikwa ofisi ya kata na nyingine anapewa kila anayekuja kukata leseni ya biashara: bango lisizibe roshani wala dirisha wala nakshi ya mlango, lisizidi upana wa fremu yako, lisitoboe mawe, basi. Mnaweza kuiandika wenyewe wafanyabiashara wa hapo mtaani mkampelekea diwani, nyie ndo mnajua kipi kinawezekana na kwa bei gani, ikisubiriwa ishuke kutoka juu itakuja na masharti ya watu wasiolipa kodi ya fremu.

Kwa leo fanya hivi. Fleksi usiitupe, ikate, ile sehemu yenye jina na namba ya wakala itengenezee fremu ya mbao uipachike juu ya mlango wa duka, chini ya roshani, kwenye ile nafasi tupu ya ukuta ambayo nyumba nyingi za namna hiyo zinayo. Roshani iache wazi. Sio kwa ajili ya watalii tu, ile roshani na madirisha yake ndo kiyoyozi cha nyumba, ukiifunika na plastiki joto lote linabaki ndani na mbao nyuma ya fleksi zinakaa na unyevu mpaka zinaoza, na fundi wa kukuchongea roshani nyingine utamlipa mara nyingi ya hiyo hela ya kikoba. Kufunga usitumie bolti za chuma cha kawaida kwenye jiwe la matumbawe. Chumvi ya bahari inakula chuma, chuma kikishika kutu kinavimba, kikivimba kinapasua jiwe, utaona mstari wa hudhurungi unashuka ukutani na siku moja kipande kinadondoka na bango lake juu ya mteja. Toboa kwenye chokaa katikati ya jiwe na jiwe, tumia chuma kisichoshika kutu, au funga kwenye boriti. Tena watu wa daladala hata hawasomi fleksi yenye maneno ishirini. Jina, unauza nini, kwisha. Kama kuna mzee bado anaandika mabango kwa brashi hapo Mtwara mtafute, herufi zake zinaonekana mbali kuliko za kompyuta na hazipauki kwa jua miezi mitatu.

Kuhusu jirani mwekundu: mara nyingi hiyo rangi ni ya bure, kampuni inampa mwenye duka rangi na fundi, yeye anawapa ukuta mzima. Hesabu haijakaa sawa hapo, ukuta wa ghorofa barabara kuu ungekodishwa kama bango ungelipiwa kila mwaka. Usimchongee. Ila siku mkiandika ile karatasi hakikisheni rangi za kampuni zimo, na muanze naye yeye.

Habari Fundi. Sisi ni warithi wa nyumba Kilwa Kivinje, imebaki kuta na mlango mkubwa wa nakshi. Kaja mtu na pickup kutoka Dar anautaka mlango kwa hela nzuri, anasema tuamue wiki hii. Tunataka tuuze mlango, tubomoe kuta, tujenge fremu nne za bloku. Mlango si ni wetu? (Warithi watatu, mmoja hataki)

Ni wenu, na huyo mmoja asiyetaka mpeni salamu zangu.

Ile sheria ya 1964 niliyoitaja hapo juu inataja kwa jina milango ya mbao iliyochongwa, pamoja na miimo yake, ya kabla ya 1940, kuwa ni vitu vinavyolindwa. Huyo wa pickup anajua hilo vizuri sana ndo maana ana haraka. Msiuze, msiung'oe, mpaka mmefika ofisi ya wilaya pale Kilwa Masoko mkaulizia anayeshughulikia mambo ya kale mkapata jibu kwa maandishi. Mkiuza kienyeji na mlango ukakamatwa njiani ukipelekwa nje ya nchi, jina litakalotajwa ni la familia yenu sio la mwenye gari.

Halafu nisahihishe kitu ambacho mmeandika huko mwishoni mwa barua (nimekikata), kwamba Kivinje ni ya UNESCO kwahiyo hakuna ruhusa ya chochote. Hapana. Kilichoingizwa kwenye Urithi wa Dunia 1981 ni magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yale ambayo yaliwekwa kwenye orodha ya hatarini 2004 na kutolewa 2014. Kivinje ni mji mwingine na habari yake nyingine, bara kabisa. Kwahiyo kujenga mnaweza kuomba. Mi ningebakiza ukuta wa mbele na mlango wake, fremu zikaja nyuma yake, wateja wakaingilia hapohapo mlangoni. Bloku mbele ya Kivinje zimejaa, duka lenye mlango kama huo mtu analielekeza kwa simu bila kutaja mtaa. Lakini kwanza mkae kikao cha ukoo, barua yenu inaonyesha hamjakaa.

Fundi nina gesti Lindi mjini, nyumba ya zamani karibu na bahari. Kila masika plasta inavimba na kudondoka, fundi wangu kashapiga upya mara kadhaa na kila mara anaongeza saruji, sasa anashauri tubandike vigae mbele yote. (Mwenye Gesti)

Mzuie huyo fundi. Tangu kiwanda cha Dangote kifunguliwe Mtwara 2015 saruji imekuwa karibu na kila mtu, nafurahi, lakini imekuwa ndo dawa ya kila ukuta. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zinanyonya maji kutoka chini na kutoka hewani, na zinayatoa kupitia usoni. Ukizifunika kwa saruji maji hayana pa kutokea, yanakaa nyuma, chumvi inajikusanya hapohapo na inasukuma plasta. Ukiongeza saruji unaongeza ugumu wa kifuniko tu, na vigae ndo utakuwa umeziba kabisa, ukuta utaoza ndani huku nje unang'aa.

Bandua saruji yote, acha ukuta upumue kiangazi chote hata kama wageni watalalamika sura. Kisha plasta ya chokaa: chokaa ya mfuko iloweke siku kadhaa iwe laini kama uji mzito, changanya kipande kimoja kwa mchanga vipande vitatu, mchanga wa mtoni uliooshwa, sio wa ufukweni maana huo unaleta chumvi upya. Piga nyembamba mara mbili tatu, kila tabaka lisubiri la kwanza likamate, na ulinde na jua kwa magunia mabichi. Juu paka chokaa, usipake rangi ya mafuta. Ni kazi ya polepole na fundi atanung'unika. Na asije akakuletea chokaa ya kuchoma matumbawe yaliyovunjwa baharini, ni kosa na samaki wetu wanaishi humo.

Anko Fundi nauza supu ya pweza jioni Mikindani kwenye baraza ya nyumba ya mawe, naruhusiwa taa zile za kuwakawaka? (Muuza Pweza)

Wa kuandika ile karatasi ya masharti ya mabango niliyomwambia Mama Fremu bado hajazaliwa mdogo wangu, lakini usiweke. Taa moja ya njano inayoangaza kibao kutoka juu inatosha, waya upite kwenye boriti usipite kwenye ukuta, na switchi iwe mbali na sufuria. Na kibao kiwe cha kuingiza ndani ukifunga, ukiwa na cha kuhamishika huna bango la kudumu la kugombania na mtu.