Je, Ni Mwili Uliozoea Dawa?

SWALI: Assalaam alaykum, Daktari. Mwanangu wa miaka mitatu ana mafua na kikohozi tangu upepo wa kusi ushike. Ndani ya friji nina nusu chupa ya amoksilini aliyoandikiwa wakati wa Ramadhani, na mama mkwe anasisitiza nimpe. Mume wangu, ambaye ni mvuvi, alichomwa kiganjani na mwiba wa samaki aitwaye tafi, akanunua vidonge vinne vya rangi mbili bila cheti cha daktari, akameza viwili akaacha. Mkono bado umevimba, naye anasema mwili wake umeshazoea dawa hizo, hivyo anataka zenye nguvu zaidi. Je, ni kweli mwili huzoea?
Mama wa Langoni, Lamu

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Tuanze na mtoto. Chupa hiyo usimpe. Dawa ya unga ikishachanganywa na maji haikai zaidi ya wiki mbili hata ndani ya friji, na hiyo yenu imepita miezi. Hata ingekuwa mpya isingemfaa, kwa sababu mafua husababishwa na virusi, ilhali amoksilini ni antibiotiki, yaani dawa inayopambana na bakteria tu. Mpe vinywaji vya vuguvugu na asali kidogo, ambayo kwa umri wake haina madhara. Ila akianza kuhema mbio, yaani pumzi 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunywa, mkimbize hospitali bila kungoja asubuhi. Mama mkwe mweleze kwa upole, kwani nia yake ni njema.

Kuhusu mwili kuzoea, jibu ni hapana, na ningependa jambo hili lieleweke katika kila nyumba. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliwahoji watu wapatao 10,000 katika nchi 12, Misri na Sudan zikiwemo, na asilimia 76 walidhani kama mumeo kwamba mwili ndio unaokuwa sugu. Wanaokuwa sugu ni bakteria. Dawa huua walio dhaifu, wakabaki wale wenye uwezo wa kuistahimili, wengine kwa kutengeneza kimeng'enya kinachoivunja penisilini kabla haijafanya kazi, na hao ndio wanaozaana. Laiti ungekuwa mwili wa mtu mmoja, hasara ingekuwa yake peke yake. Lakini bakteria sugu huhama kwa mikono, kwa maji na kwa choo cha pamoja, hata wakamfikia mtoto ambaye hajawahi kumeza kidonge. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alikwisha kuonya mwaka 1945, alipopokea tuzo ya Nobel, juu ya mtu anayejitibu kwa kipimo pungufu.

Simlaumu mumeo peke yake. Sheria ya Kenya inataka antibiotiki zitolewe kwa cheti, na muuzaji anayekata karatasi ya vidonge kwa mkasi ili auze vinne ndiye wa kuulizwa kwanza.

Kwa mkono wake, sidhani kama tatizo ni nguvu ya dawa. Mwiba wa tafi una sumu, na huenda kipande chake kimebaki ndani, ambacho hakuna kidonge kitakachokitoa. Aende hospitali leo, hasa ikiwa kuna usaha, joto, au wekundu unaopanda mkononi. Amwambie mhudumu kwamba jeraha ni la baharini, kwa kuwa baadhi ya bakteria wa maji ya chumvi si wale wa kawaida wa ngozini na huenda wakahitaji dawa nyingine, na aulizie chanjo ya pepopunda. Vile vidonge viwili vilivyobaki asimpe mtu. Aende navyo, daktari aone alichomeza.